Sura ya Tano: Zilizotumwa na Zilizofika

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hesabu za elimu nchini Uganda zilikuwa na jambo lisiloelezeka. Nchi ilikuwa imetoka vitani, uchumi umeanza kuinuka, na serikali ilikuwa ikiongeza fedha za shule za msingi mwaka hadi mwaka. Ila takwimu rasmi za wanafunzi zilikuwa zimelala palepale. Fedha zinapanda, watoto hawaongezeki. Ukikaa Kampala na jedwali hilo mbele yako, unaweza kutunga maelezo mengi ya kuridhisha: wazazi wamechoshwa na michango, walimu wamekata tamaa, vita vimewavunja watu moyo wa kusoma. Maelezo yote hayo yalikuwa na kasoro moja. Hakuna aliyekuwa ameondoka ofisini kwenda kuuliza shuleni.

Mwaka 1996 watu wakaenda. Utafiti ulioendeshwa na wachumi wa Benki ya Dunia, Emmanuel Ablo na Ritva Reinikka, pamoja na serikali ya Uganda, ulifika katika shule 250 za msingi za serikali kwenye wilaya 18. Baadaye mchumi wa Sweden, Jakob Svensson, aliungana na Reinikka kuzichambua takwimu hizo kwa kina. Hawakwenda kupima ubora wa elimu wala kuhesabu madawati. Walifuata fungu moja tu: ruzuku iliyokuwa ikitolewa kwa kichwa cha kila mwanafunzi, kwa ajili ya chaki, vitabu na mahitaji mengine yasiyo mishahara. Kiwango cha ruzuku hiyo kilikuwa kimewekwa na serikali yenyewe, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi kiasi cha kufanywa na mtoto wa darasa la nne. Chukua idadi ya wanafunzi, zidisha kwa kiwango, utapata kiasi ambacho shule ilistahili. Kisha fungua vitabu vya shule uone kiasi kilichopokelewa.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Uganda haikukosa daftari. Wizara ilikuwa nalo, na lilikuwa safi: tarehe hii, wilaya hii, kiasi hiki, kimetumwa. Kwa mhasibu wa wizara, fedha iliyotumwa ilikuwa fedha iliyotumika, na hapo kazi yake iliishia. Shule nayo ilikuwa na daftari lake, lenye mistari michache na kurasa nyingi nyeupe. Katikati yalikuwepo makao ya wilaya, ambako fedha ziliingia. Madaftari ya juu na ya chini yalikuwa hayajawahi kulazwa juu ya meza moja. Walipoyalaza, ikaonekana kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku, shule ilipata wastani wa shilingi 13. Na wastani huo nao unapamba mambo, maana shule nyingi hazikupata hata senti.

Shilingi 87 zilizobaki zilikwama wilayani. Hazikukwama kwa mpangilio wa bahati nasibu. Uchambuzi ulionyesha kuwa shule za maeneo yenye watu wenye uwezo zaidi zilipata sehemu kubwa kuliko shule za maskini. Shule ambayo wazazi wake wanajua mlango wa kugonga na namna ya kusema na ofisa ilijikatia chake. Shule isiyo na mtu wa namna hiyo ilisubiri. Ruzuku iliyobuniwa ili kila mtoto apate sawa ikawa ya kugombewa, na aliye dhaifu akashindwa.

Mishahara ya walimu, ambayo nayo ilitoka serikali kuu, haikuvuja kwa kiasi hicho. Hapo pana somo kubwa kuliko lile la 13 kwa 100. Mwalimu anajua mshahara wake ni kiasi gani na unapaswa kutoka lini. Ukipungua anapiga kelele siku hiyohiyo, na kelele zake zina tarakimu. Ruzuku ya chaki haikuwa na mtu wa kuipigia kelele. Mwalimu mkuu hakujua kiwango, mzazi hakujua kama kuna kitu cha namna hiyo duniani, na mtoto aliyehesabiwa kwa kichwa hakuulizwa. Fedha zilivuja pale ambapo mwenye haki hakujua haki yake ni shilingi ngapi.

Na lile fumbo la wanafunzi wasioongezeka? Halikuwepo. Vitabu vya shule vilionyesha kuwa idadi ya watoto ilikuwa imepanda kwa karibu asilimia 60 katika kipindi kilekile ambacho takwimu rasmi zilisema imesimama. Madarasa yalikuwa yamejaa, na wazazi ndio waliokuwa wakibeba shule mabegani, kwa michango iliyozidi nusu ya gharama zote. Watafiti walikuwa wamepita pia katika zahanati 100. Huko kumbukumbu zilikuwa mbovu kiasi kwamba fedha na dawa hazikuweza kufuatiliwa hadi mwisho. Mimi hilo nalihesabu kuwa jibu pia. Mahali pasipo na maandishi ya mapokezi, usiulize kama pamevuja. Uliza tangu lini.

Serikali ya Uganda ingeweza kuifungia ripoti ile kabatini, na wengi wamefanya hivyo kwa ripoti zenye aibu ndogo kuliko hiyo. Wizara ya Fedha, ambayo Katibu Mkuu wake wakati huo alikuwa Emmanuel Tumusiime-Mutebile, aliyekuja kuwa Gavana wa Benki Kuu, ilichukua njia nyingine. Ilianza kutangaza magazetini na redioni kiasi cha fedha kilichotumwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Shule zikatakiwa kubandika tangazo mahali pa wazi: tumepokea kiasi hiki, tarehe hii. Karatasi na gundi, basi. Mwaka 1997 elimu ya msingi ikafanywa ya bure, ruzuku ikawa uti wa mgongo wa shule, na macho ya watu yakaongezeka. Tafiti za baadaye, hadi mwaka 2001, zilikuta zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zinafika shuleni.

Kutoka 13 hadi zaidi ya 80. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima na imepamba hotuba nyingi za wafadhili. Kwa kuwa sura hii inahusu uchambuzi, tuitendee takwimu hiyo kama tunavyotaka kuzitendea nyingine: tuikague.

Reinikka na Svensson wenyewe walijua swali litakalokuja. Je, ni gazeti lililofanya kazi, au ni mambo mengine yaliyotokea wakati huohuo? Wakapima umbali kutoka kila shule hadi mahali magazeti yanapouzwa. Kisha wakawahoji walimu wakuu kuhusu kanuni za ruzuku: kiwango chake na wakati wa kutolewa. Walimu wakuu waliokuwa karibu na gazeti walijua zaidi, na shule zao zilipata nyongeza kubwa zaidi baada ya kampeni kuanza. Kabla ya kampeni, kuwa karibu na muuza magazeti hakukuwa na faida hiyo. Ni uchambuzi wa akili sana, na unashawishi.

Lakini mwaka 2007 mtafiti Paul Hubbard alirudi kwenye hesabu hizo na kuuliza mengine. Miaka ileile Uganda ilikuwa imebadilisha mambo mengi katika namna ya kutuma na kusimamia fedha, na wafadhili walikuwa wanatazama kwa karibu. Tena mfuko wenyewe ulikuwa umevimba baada ya elimu bure. Asilimia 20 ya mfuko mkubwa bado ni fedha nyingi, hivyo kiasi halisi kilichopotea hakikupungua kwa kasi ileile ya asilimia. Hoja hizo ni za haki. Kwa maoni yangu hazilibomoi tangazo la gazetini, zinaliweka mahali pake: tangazo lilifaa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wizara iliyotaka jibu, kiwango kilichowekwa wazi, na mwalimu mkuu aliyekuwa na daftari la kulinganishia. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, unabaki na gazeti la kufungia maandazi.

Kiwango kilichowekwa wazi ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Tafiti za ufuatiliaji wa fedha zilizofanyika Tanzania mwaka 1999 na 2001 zilizua ubishi mkubwa kuhusu kiasi kilichovuja, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo. Halmashauri zilikuwa na uhuru wa kugawa matumizi yasiyo ya mishahara, kwa hiyo shule isiyopata kitu haikuweza kusema kwa uhakika ilidhulumiwa nini. Huwezi kupima upungufu wa kitu kisicho na kipimo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 ukaweka ruzuku ya dola 10 kwa mwanafunzi, iliyohesabiwa kuwa shilingi 10,000, na ghafla kila mtu, kuanzia mashirika ya kiraia hadi kamati za shule, akawa na kitu cha kuzidishia. Kuanzia mwaka 2016, chini ya elimu bila malipo, shilingi 6,000 kati ya hizo zilipangwa kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na 4,000 kubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 480 kwa kiwango hicho inastahili shilingi 2,880,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kwa mwezi. Mzazi yeyote mwenye simu ya tochi anaweza kufanya hesabu hiyo akiwa amesimama chini ya mwembe wa shule.

Nchini Chad, utafiti uliofuata bajeti ya afya ya mwaka 2003 ulikuta kuwa chini ya asilimia 1 ya fedha zisizo za mishahara ndiyo iliyofika kwenye vituo vya afya. Nimeitaja Chad ili msomaji asidhani Uganda ilikuwa maajabu.

Sasa tuseme wazi kazi hii ni nini. Uchambuzi wa data ni jina kubwa linalotisha watu, na wauzaji wa programu za kompyuta wanapenda litishe. Kwa fedha za umma, sehemu kubwa ya kazi ni kukutanisha kumbukumbu mbili zilizoandikwa na mikono miwili tofauti, ambayo haikutarajia kukutanishwa. Mikono hiyo ikikubaliana, vizuri. Isipokubaliana, umepata swali. Kompyuta inaingia kwa sababu kumbukumbu ni nyingi mno kwa macho ya binadamu. Msingi wa kazi haubadiliki.

Chukua watumishi hewa. Machi 2016 Rais John Magufuli aliagiza wasakwe, na ndani ya miezi michache serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa imewaondoa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Mtumishi hewa ni wa aina nyingi: aliyekufa na mshahara haukufa naye, aliyestaafu, aliyeacha kazi, na yule ambaye hakuzaliwa kabisa ila ana namba ya hundi. Ukiwa na orodha ya mishahara peke yake, wote hao ni watumishi halali. Wanaumbuka pale orodha hiyo inapokutana na nyingine: daftari la mahudhurio kituoni, kumbukumbu za waliostaafu, namba za akaunti za benki. Akaunti moja inayopokea mishahara ya watu watatu haihitaji mtaalamu kuitilia shaka, inahitaji tu mtu wa kupanga safu ile kwa mpangilio wa namba. Ubaya wa operesheni ni kwamba inakwisha. Orodha zikikutanishwa kila mwezi bila kelele, rais hana haja ya kuagiza kitu.

Kuna wakati daftari la pili halipatikani. Mradi umekwisha, washiriki wa semina wametawanyika, stakabadhi zimeandikwa na mtu mmoja usiku mmoja. Hapo wachambuzi wana ujanja ambao asili yake inachekesha. Mwaka 1881 mwanafalaki Simon Newcomb aliona kuwa vitabu vya majedwali ya logi, vile vilivyotumika mashuleni kabla ya vikokotoo, vilikuwa vimechakaa kurasa za mwanzo kuliko za mwisho. Watu walikuwa wakitafuta zaidi namba zinazoanza na 1. Mwaka 1938 Frank Benford alikusanya namba zaidi ya 20,000 kutoka kila pembe, ikiwemo mito na idadi za watu, akathibitisha. Katika namba nyingi za kawaida zinazotanda kutoka ndogo hadi kubwa, tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa takriban asilimia 30, na 9 kwa chini ya asilimia 5. Mtu anayetunga namba kichwani hajui hilo. Yeye huzitawanya tarakimu kwa usawa, huku akikwepa kurudia tarakimu zinazofuatana, maana 77 na 33 anaona hazifanani na kweli.

Ujanja huo umetumika karibu na kwetu. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Waorma wa Tana River, alianza kutilia shaka mradi wa maendeleo ya maeneo kame uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kaskazini na mashariki mwa Kenya. Benki ilifanya ukaguzi wa kina wa vocha na stakabadhi, na mwaka 2011 ripoti ya pamoja na wakaguzi wa serikali ya Kenya ilitoka ikionyesha matumizi mengi yenye mashaka. Ensminger na mwenzake Jetson Leder-Luis wakachukua njia nyingine: wakazipima tarakimu zilizomo kwenye taarifa za mradi, zikiwemo za matumizi na hata za idadi ya watu walioripotiwa kuhudhuria mafunzo. Tarakimu hazikukaa kama namba za kweli zinavyokaa, na picha iliyotoka ililingana na ile ya wakaguzi waliofungua mafaili moja moja. Kinachonivutia ni kwamba shaka haikuzaliwa kwenye kompyuta. Ilizaliwa kwa mtu aliyewajua watu wa pale na kuona kuwa maendeleo yaliyoandikwa hayaonekani ardhini. Tarakimu zilikuja kumsaidia.

Tahadhari ni lazima. Kanuni ya Benford haifai kila mahali. Posho ya kiwango kimoja itarudia tarakimu ileile mara elfu na hakuna aliyeiba. Bei zilizopangwa na serikali nazo vivyo hivyo. Na kuna namba ambazo hukusanyika mahali pamoja kwa sababu mbaya isiyohusiana na Benford: manunuzi yanayorundikana chini kidogo ya kiwango kinacholazimisha zabuni ya wazi. Ukichora mchoro wa manunuzi ya taasisi kwa mwaka mzima na kuona mlima uliosimama hatua moja kabla ya mpaka, kisha bonde tupu baada yake, umeona kazi moja ikikatwa vipande ili ipite mlango mdogo. Mchoro huo ni wa dakika kumi, data ikiwepo.

Data ikiwepo. Brazili ilikuwa nayo, na ndiyo maana mwaka 2016 vijana kadhaa waliweza kuanzisha mradi wa Serenata de Amor kwa michango ya wananchi. Bunge la nchi hiyo lilikuwa likichapisha madai yote ya fedha ambazo wabunge 513 hurudishiwa kwa chakula, usafiri na mahitaji ya ofisi. Vijana wale wakaandika programu wakaiita Rosie, jina la roboti mtumishi wa katuni ya The Jetsons. Rosie alilinganisha kila dai na kitu kingine: mlo huu na bei za milo mingine, mji wa chakula cha mchana na mji wa chakula cha jioni siku hiyohiyo pamoja na umbali kati yake, kampuni iliyolipwa na daftari la kampuni zilizofungwa. Mbunge mmoja alikuwa amedai milo 13 katika siku moja. Mwingine alirudisha fedha za bia aliyokunywa Las Vegas, kwa sababu kanuni haziruhusu umma kumlipia pombe. Januari 2017 mradi ulipeleka bungeni malalamiko 629 yaliyowahusu wabunge 216, kwa kiasi cha reais 378,000 hivi.

Kiasi hicho si kikubwa kwa nchi kama Brazili, na wakosoaji walisema vijana wanasaka panya huku tembo wakipita. Kuna ukweli. Rosie aliweza kuona sahani ya chakula kwa sababu sahani ilikuwa imechapishwa. Mikataba mikubwa iliyopangwa vyumbani haikuwa kwenye jedwali lake. Stakabadhi nyingi zilikuwa picha, na mtu alilazimika kuifungua kila moja na kuisoma kwa macho kabla ya kumshutumu mtu. Bunge nalo lilijibu kwa mwendo wake, hata waanzilishi wakaamua Rosie atangaze shaka zake kwenye Twitter ili wapiga kura waulize wenyewe. Angalia inavyofanana na Uganda: takwimu zilipata nguvu zilipomfikia mwenye haki ya kuuliza.

Kwetu swali gumu zaidi bado ni la data yenyewe. Kenya ilipiga hatua mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza kuwa kuanzia Julai 1 taasisi zote za umma zichapishe zabuni zao, pamoja na majina ya wakurugenzi wa kampuni zilizoshinda. Jina la mkurugenzi ni daftari la pili la thamani kubwa. Lilinganishe na tarehe ya kusajiliwa kampuni, na utajua kama aliyepewa kazi ya mamilioni alikuwa na duka kabla ya tangazo la zabuni. Wakati wa Uviko-19 ndivyo wanahabari wa Kenya walivyofichua manunuzi ya KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa ya nchi hiyo: baadhi ya kampuni zilikuwa zimesajiliwa miezi michache tu kabla ya kupata oda nono. Amri ni kitu kimoja na utekelezaji ni kingine, kwa hiyo tovuti inaweza kujazwa robo na kuitwa ya uwazi.

Tanzania ina hazina ambayo haitumiki inavyostahili: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kila mwaka zinatua bungeni mwezi Aprili, mamia ya kurasa, na kwa wiki mbili taifa zima huzungumzia hati chafu na hati zenye mashaka. Kisha kimya. Aprili 2018 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, alifanya jambo la kiwango cha shule ya msingi juu ya ripoti ya mwaka 2016/17: alichukua mapato yaliyokusanywa, shilingi trilioni 25.3, akatoa yaliyotumika, trilioni 23.8, akauliza trilioni 1.5 ziko wapi. Nchi ikachemka. Serikali ilijibu bungeni kuwa fedha hazikupotea. Tofauti ilitokana na mambo ya kiuhasibu, zikiwemo hatifungani zilizoiva, mapato yaliyohesabiwa kabla ya kupokelewa na makusanyo ya Zanzibar. Kila upande ulibaki na wafuasi wake. Kwa sura hii naona faida moja kubwa katika mzozo ule. Kutoa namba moja kwa nyingine kuliilazimisha serikali ieleze hadharani namna inavyotunza hesabu, jambo ambalo hotuba mia za kulaani ufisadi hazijawahi kulifanya. Na mchambuzi makini anatakiwa akumbuke kuwa alichopata ni swali. Tofauti kati ya namba mbili inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa uzembe, inaweza kuwa kanuni za uhasibu asizozijua. Anayeruka kutoka kwenye tofauti hadi kwenye hukumu huwapa wezi wa kweli mahali pa kujificha, maana akikosea mara moja, wao humtaja mara mia.

Ripoti hizo zingekuwa na nguvu mara nyingi zaidi kama majedwali yake yangetolewa kwa muundo ambao kompyuta inaweza kuusoma, badala ya kurasa ambazo mwanafunzi wa chuo analazimika kuzinakili kwa mkono hadi usiku wa manane. Gharama yake ni ndogo sana, kwa sababu majedwali hayo tayari yamo kwenye kompyuta za walioyaandika. Kuyageuza kuwa picha kabla ya kuyachapisha ni kazi ya ziada, na mtu anapofanya kazi ya ziada ili usione, una haki ya kujiuliza kwa nini.

Lakini usingoje muundo bora. Chagua fungu moja karibu nawe: ruzuku ya shule ya mtoto wako, dawa za zahanati, kisima kilichosomwa kwenye bajeti ya halmashauri au ya kaunti. Kwenye mkutano wa kijiji au baraza la kata, swali la "fedha zetu mmezipeleka wapi?" litajibiwa kwa hotuba. Uliza kiwango cha mwaka huu ni kiasi gani, zilitumwa tarehe gani, kwenye akaunti ipi, na nani alisaini kuzipokea. Kisha nenda kwa huyo aliyesaini na umwombe daftari lake. Ukinyimwa, andika barua ya kuomba taarifa kwa kutumia sheria, kwa sababu sheria ipo: Uganda tangu 2005, Kenya na Tanzania tangu 2016. Ofisi ina siku 21 kukujibu Uganda na Kenya, na siku 30 Tanzania. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, uanze kuhesabu kuanzia siku hiyo.